Nilivyojiimbia Matanga

Mkitaka kunikasirisha hadi leo, ni rahisi: ngojeni nikae hotelini hapa Migori mjini na chai yangu, halafu mmoja wenu aniulize kwa sauti ya upole, "Okelo, pole, mazishi yako yaliendaje?" Watu wa huku wanalijua hilo swali, na wananisubiri nijaze mdomo chai kwanza ndipo walitoe. Sasa nimechoka kukasirika. Wacha nieleze mwenyewe jinsi nilivyojiimbia matanga mbele ya ukumbi mzima, nikajisifu kwamba nimeimba vizuri, halafu nikatembea kwa miguu yangu hadi nyumbani kwa mama na kukuta wananililia. Aibu ninayo, sikatai. Lakini kinachonisumbua mimi si aibu, ni kile kimya. Nitafika hapo.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanamuziki. (Mama mkwe wangu husema "alikuwa mwanamuziki," lakini naye tutamfikia.) Miaka ya themanini nilikuwa na bendi ya benga, na tulitoa santuri moja iliyovuma kutoka Oyugis hadi mpakani, jina lake Osiepe Karungu, yaani marafiki wa Karungu. Upande wa kwanza wote ulikuwa majina ya watu. Benga yetu ndivyo ilivyo, ukiondoa majina unabaki na kelele: mtu amekusaidia, amekupa nyuzi za gitaa au amekulisha samaki wiki nzima, basi unamtaja, unamtaja na mama yake na kijiji chake na mashua yake, haraka haraka, gitaa likimkimbiza, na yeye mwenyewe kama yuko ukumbini anaruka juu ya kiti kwa furaha. Halafu mwisho wa wimbo mwimbaji anajitaja, hiyo ndiyo sahihi yake. Mimi nilijitaja Okelo wuod Nyar Karungu, Okelo mwana wa binti wa Karungu, kwa sababu mama yangu aliolewa huku Migori kutoka Karungu, na kwetu mwanamke anabeba jina la kwao hata akizeeka kwa mumewe.

Mtu mmoja tu hakuisifu ile santuri, na ni huyo huyo mama. Nilimletea, nikamwekea, akaisikiliza kwa heshima zote, mikono mapajani, na ilipokwisha akaniambia, "Nimesikia mabati yakigongwa. Wewe ulikuwa wapi?" Nilicheka, lakini neno hilo lilinikaa. Nilikuwa nimemtaja mbele ya dunia nzima na hakusikia, na miaka yote iliyofuata nilichokitaka kuliko sifa ni mama yangu anisikie nikiimba, neno kwa neno, angalau mara moja.

Ikaja miaka ya tisini, na miaka ya tisini ilitufagia. Ajwang' wa gitaa la bezi alizikwa wa kwanza, halafu mpiga ngoma wetu, halafu Sila wa gitaa la pili, na hatukusema walikufa na nini. Tulisema malaria, tulisema kifua, tulisema amefanyiwa kitu na watu. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi mahali, wakati mwingine matatu, ikabidi familia zigawane: wewe nenda huku, mimi niende kule. Amplifaya yetu ikaungua, nikabaki mimi na gitaa kavu, lile la boksi lisilojua umeme. Hata mimi niliugua malaria ya kweli, nikakonda hadi suruali ikawa inanitangulia kushuka, na watu wakaanza kunisalimia kwa uangalifu (mnajua ile salamu, ya mtu anayekupima shingo).

Nilipopona nikapata wazo. Nikasema nitairudia Osiepe Karungu yote, wimbo kwa wimbo, mimi peke yangu na gitaa kavu, polepole, kila neno lisikike. Mama atanisikia. Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza: niliyaacha majina yote mahali pake, hata langu la mwisho, nikayapunguza mwendo tu. Laiti ningemwimbia mama kwanza, angeninyamazisha kabla sijamaliza mstari mmoja. Lakini mimi nilitaka kumshtukiza. Nikaenda kufanyia mazoezi Homa Bay, kwa binamu yangu Ouma, ambaye ana sikio moja zima na hilo moja hulitumia kulalia.

Kwenye mazoezi yale kulikuwa na jambo ambalo sikulipa uzito. Nikifika mahali ambapo zamani bezi ya Ajwang' ilikuwa inajibu, vidole vyangu vilikuwa vinasimama vyenyewe. Sikupanga. Nilikuwa nasimama, namwachia nafasi, nahesabu kichwani kama tulivyozoea, halafu naendelea. Ouma aliniuliza, "Unangoja nini hapo katikati?" Nikamwambia huo ndio ufundi wenyewe.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa mabati pale Homa Bay, karibu kabisa na ziwa. Watu walijaa, wengi wamekuja moja kwa moja kutoka mazishini na nguo zao nzuri. Bwana Jared, mtangazaji wa redio ya Kiluo na rafiki yangu wa siku nyingi, alileta kinasa sauti akakiweka miguuni pangu. Mstari wa mbele kabisa nikamwona Mwalimu Odera wa Karungu, mzee wa kofia, ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye santuri yote. Nikampungia mkono. Akacheka, akajiweka sawa kitini, tayari kutajwa.

Nikaanza. Nilivyofunga macho hata sikuona nyuso zao. Nikaimba polepole, "Odera, mwana wa Awuor, Odera wa Karungu, Odera mwenye mashua mbili," na kila jina nikalivuta, na pale pa Ajwang' nikasimama kama nilivyozoea. Ukumbi mzima ukasimama pamoja nami. Hakuna kikohozi, hakuna mtoto. Nikahesabu kichwani, na kabla sijamaliza kuhesabu, nyuma kabisa ya ukumbi, bezi ikajibu.

Nasema nilichosikia. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, ikivuma kwa noti ile ile na kwa wakati ule ule ambapo Ajwang' angeigusa. Nikafungua macho nikaona ni bibi mmoja mzee sana, amesimama mlangoni, mikono yote miwili kichwani, anavuma mdomo ukiwa umefungwa. Akina mama wengine wakamdaka. Nikaendelea na jina la pili, la tatu, na kila nilipoacha nafasi ule mvumo uliijaza, na hatimaye mmoja akapasuka kulia kabisa, akatoka nje akikimbia na kurudi, akikimbia na kurudi, huku wanaume wakivua kofia mmoja baada ya mwingine.

Na mimi nikafanya nini? Mimi mjinga, nikafurahi! Nikajiambia, Okelo, umefika, unawaliza watu na gitaa moja tu. Nikapunguza mwendo zaidi.

Wimbo ulipoisha Mwalimu Odera alikuja hadi jukwaani. Kofia alikuwa nayo mkononi na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Okelo," akaniambia chini chini, "nani amekuambia mimi nimekufa?"

"Mwalimu, hakuna aliyekufa. Ni mtindo mpya."

"Mtindo mpya?" Akaniangalia sana. "Mtu kutajwa polepole, na mama yake, na gitaa moja, halafu nafasi ya watu kulia? Hiyo mtindo tunaijua, kijana. Imba hiyo kitu haraka ama uache."

Akaondoka. Nikasema moyoni, wazee hawapendi mabadiliko. Nikaendelea hadi mwisho, na mwisho, kwa sababu ni sahihi yangu na nilitaka ikae masikioni, nikajitaja mara tatu, kila mara polepole kuliko iliyotangulia. Okelo wuod Nyar Karungu. Okelo wuod Nyar Karungu. Okelo. Gitaa likanyamaza. Hakuna aliyepiga makofi, hata mmoja.

Halafu wakaanza kuja kwa mstari, wanashika mkono wangu kwa mikono miwili, wananiambia, "Pole, Okelo. Mos, Okelo, mos sana," na mimi nikijua mtu aliyeimba mchana kutwa huambiwa pole kwa kazi, nikawajibu kwa tabasamu, "Asanteni, asanteni, nimezoea." (Hiyo "nimezoea" wananikumbusha hadi leo.) Mama mmoja alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akatikisa kichwa akaenda zake.

Bwana Jared aliondoka na kanda yake. Jumapili mchana akaipiga redioni. Nia yake ilikuwa njema kabisa, lakini nafasi pekee aliyopewa ilikuwa baada tu ya matangazo ya vifo. Nanyi mnajua nyumba zetu zilivyokuwa zinanyamaza wakati ule, kijiko kinawekwa chini, kila mtu anasikiliza kama jina analolijua litasomwa. Yakasomwa majina ya marehemu, wakatajwa na wazazi wao na vijiji vyao, na mara tu, bila hata salamu, ikaingia sauti yangu na gitaa moja na kilio cha ukumbi mzima nyuma yake, ikisema polepole Okelo, Okelo, Okelo.

Mimi sikusikia. Redio ya Ouma ilikuwa kimya, mawe yake ya betri yamepangwa juu ya bati yakitafuta nguvu kwenye jua. Simu ilikuwa ya posta. Nilipumzika kwa Ouma, nikala samaki, nikajiona mtu mkubwa.

Jumanne asubuhi nikapata lifti ya lori lililokuwa likipeleka saruji Migori. Mbele palikuwa pamejaa, nikapanda nyuma, juu ya magunia, na mawili yalikuwa yamepasuka. Upepo wa njia yote ile ya Rongo ulinipaka saruji kutoka kope hadi viatu. Niliposhushwa Migori nilikuwa wa kijivu, gitaa la kijivu, nikajipangusa kidogo nikaona haisaidii, nikasema nitaoga nyumbani.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Min Atieno, yaani mama Atieno, jirani yetu anayeuza nyanya kando ya barabara. Nikamsalimia, "Misawa, Min Atieno." Hakujibu. Aliniangalia miguu. Si uso, miguu, pale viatu vinapogusa ardhi, akaangalia mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto, halafu akafunika nyanya zake na gunia, polepole, bila kunipa mgongo. Nikadhani nimemkosea kitu. Nikasogea kwa vijana wa boda boda za baisikeli, wale ambao kwa kawaida wanakugombania hadi wanararua shati. Walinyamaza. Nikamshika mmoja usukani nikamwambia nipeleke nyumbani, akashuka, akaniachia baisikeli yake mkononi na kutembea kuelekea upande mwingine, na wenzake nao wakamfuata, hawakimbii, wanatembea tu.

Nikaiegemeza ile baisikeli kwenye mti nikaenda kwa miguu. Njia ilikuwa tupu. Saa kama ile wanawake huwa wanatoka kusaga na watoto wanatoka shule, lakini hapakuwa na mtu, milango imerudishwa, kuku tu. Na nilipofika pale njia inapopanda, nikasikia vilio kutoka upande wa kwetu.

Jamani, nilidhani ni mama! Nikakumbuka alikuwa analalamika presha, nikakumbuka nilikuwa nimeondoka bila kumuaga sawasawa kwa ajili ya ile siri yangu ya kijinga, na nikaanza kukimbia na gitaa likinigonga mgongoni, nikilia kama mtoto, machozi yanachora mistari kwenye saruji. Sikupitia getini. Nilikata kupitia nyuma, kwenye ua wa mimea ile yenye utomvu mweupe, nikachungulia.

Boma lilikuwa limejaa. Viti vya kanisa, sufuria kubwa, moto mkubwa katikati. Na mama yangu alikuwa hai. Amesimama katikati ya wote, leso kiunoni, anatembea mbele na kurudi, anaimba. Nilipumua, nikataka kuita, halafu nikasikia anachokiimba.

"Okelo, uliyekuja nyuma ya mapacha. Opiyo nilimlilia, Odongo nilimlilia, nikasema huyu wa tatu wameniachia. Ulinyonya maziwa ya watu watatu peke yako, Okelo. Nilikuita nikitaka usijibu upesi, nisikuzoee. Nilikupiga ukiwa mdogo kwa kukaa kimya, nikidhani umewafuata."

Sasa mimi nilijua jina langu maana yake ni mtoto anayefuata mapacha, kila mtu anajua, lakini hao mapacha hawakuwahi kutajwa nyumbani kwetu. Niliambiwa walikufa wadogo, basi. Sikujua mama alikuwa amewabeba hivyo. Sikujua kuna mambo aliyokuwa ananificha ili asinizoee. Nilisimama pale nyuma ya ua, mikono imeganda, nikisikiliza mama yangu akinizika kwa maneno, jina baada ya jina, mengine sikuwahi kuyasikia tangu nizaliwe, na nasema ukweli, sikutoka haraka. Nilitaka kusikia yote. Ni kitu kibaya kukitaka, na nilihisi baridi huku jua likiwa utosini, kana kwamba kweli mimi niko upande ule mwingine na wao wako huku.

Aliyenitoa ni baba mdogo, Nyakwaka. Mama alipopumzika, yeye akasimama na fimbo yake akasema kwa huzuni, "Alikuwa kijana mzuri, ingawa alitusumbua na makelele." Hapo nikashindwa. Nikatoka hadi getini nikasema, "Mama! Niko hapa!"

Kimya.

Nyuso zote ziligeuka na hakuna mdomo uliofunguka. Nikaita tena. Nikaita kwa majina: Mama, Baba Nyakwaka, Mwalimu Odera (naye alikuwepo, amekuja kuwapa pole). Waliniangalia miguu, kama inagusa chini. Nikasikia baba mdogo akiwaambia bila kusogeza midomo, "Msimjibu. Akiita mara tatu msimjibu." Kwetu mtu aliyeliliwa akikuita hujibu, ukijibu unaitikia kwenda naye. Mbwa wetu pekee ndiye aliyekuja, akitingisha mkia, akafika, akanusa ile saruji, mkia ukaingia katikati ya miguu akarudi kinyumenyume akinguruma. Kama hujawahi kuita nyumba yenu nzima na usijibiwe, mchana, ukiwaona wote, usiniambie unajua upweke.

Nikafikiria, nifanye nini waamini? Na akili yangu (sijui ilikuwa inakaa wapi siku hiyo) ikaniambia: piga gitaa, watakujua. Nikalivuta mbele, nikapuliza saruji kwenye nyuzi, na vidole vilivyokuwa vimezoea mwendo wa mazoezi vikaanza, polepole, ule ule wimbo.

Yawa! Sufuria ya ugali ilipinduliwa. Viti vya kanisa vikapanda juu ya watu. Kikundi cha akina mama kilichokuja kutoka Oyugis na mama mkwe wangu kilitaka kupita wote pamoja kwenye mlango mmoja wa jikoni. Katekista alianza sala akaisahau, akaanza nyingine. Mwalimu Odera peke yake hakukimbia, alikaa kwenye kiti chake akisema, "Huyo huyo. Mtindo mpya. Huyo ni yeye kabisa."

Na katikati ya zogo lile nikamwona mama anakuja. Alikuja taratibu, hakuangalia miguu yangu, aliniangalia uso. Baba mdogo akamzuia na fimbo, mama akaisukuma. Alifika getini, akanyoosha mkono, akafungua leso kiunoni, akanipangusa paji la uso kwa nguvu, kama alivyokuwa akinipangusa kamasi. Akaiangalia leso. Akaigusa kwa ulimi.

"Huyu anatoka jasho," akasema kwa sauti. "Maiti haitoki jasho. Ni saruji tu."

Halafu akanizaba kofi moja ambalo ninalisikia hadi sasa hivi.

Mngedhani yaliisha hapo. Nilipotaka kuingia, baba mdogo akasimama katikati ya geti. "Umeliliwa," akasema, "mtu ameliliwa haingii tu kama ametoka sokoni." Ikawa mabishano. Mmoja alisema niingie kinyumenyume. Mwingine alisema kwanza apatikane jogoo. Katekista alisema hayo yote ni ya zamani, inatosha maombi, lakini nilimwona mwenyewe amesimama mbali na mimi. Nikasimama nje ya kwetu na jua hilo, saruji inaanza kuganda, hadi wakakubaliana kwamba kwa sababu habari ya kufa kwangu iliingia bila kupitia getini, imeingia hewani, basi na mimi nisipitie getini. Nitobolewe tundu kwenye ua.

Tundu walilolitoboa lilikuwa la mbuzi. Niliingia kwa kichwa, mabega yakapita, gitaa likapitishwa juu, na kiuno kikanasa. Wakanivuta mikono. Na suruali yangu, ile iliyonizidi tangu malaria, ikabaki kwenye ua. Sasa kumbukeni nani alikuwa amesimama pale mbele, ametoka Oyugis kwa heshima kumlilia mkwe wake, yeye ambaye tangu nimwoe binti yake sikuwahi hata kula mbele yake. Mama mkwe alitoa sauti ndogo, akajifunika uso na leso yake, akageuka, na hadi leo salamu zangu anazipokea akiwa amegeukia ukutani. (Rose, mke wangu, alikuwa Nairobi kwa dada yake. Habari ya kifo na habari ya suruali zilimfikia siku moja, na anasema hajui ni ipi ilimliza.)

Jioni watu walipotawanyika, nimeoga, nimefungwa shuka, nilikaa na mama jikoni kwake. Nilitaka tucheke. Nikamwambia, "Mama, na wewe! Umesikia wimbo tu redioni ukaamini mtoto wako amekufa?"

Hakucheka. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua macho.

"Niliamini kwa sababu nilikusikia," akasema. "Kila neno. Miaka yote hiyo unaimba sikuwahi kusikia kitu. Halafu siku hiyo nikasikia mtoto wangu anaita jina langu, taratibu, kama mtu ananiaga. Ningefikiria nini?"

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilivyokipata natamani nisingekipata. Nikamwomba msamaha. Akaendelea kuchambua mboga hadi zikaisha, akajipangusa mikono.

"Nyathina, mwanangu, sikiliza," akasema. "Wimbo wa Opiyo niliutoa. Wa Odongo niliutoa. Wako nilikuwa nimeuweka, na leo nimeutoa wote, watu wamesikia, hauwezi kuimbwa mara mbili. Sina mwingine. Kwa hivyo wewe usithubutu kunitangulia."

Ndiyo maana mkiniona kando ya barabara ya Kisii nikishikilia ukuta hadi gari la mwisho lipite, msicheke. Ndiyo maana nikiumwa kichwa asubuhi, mchana niko hospitali, na pombe niliacha, na mashua nakataa ziwa likiwa na kiwimbi kidogo tu. Gitaa bado napiga. Majina ya watu nayaimba mbio mbio, hata kama anayetajwa yuko peke yake chumbani anasinzia, na nafasi za kungojea siachi, namwomba Ajwang' anisamehe. Jina langu mwenyewe siliimbi kabisa.